Simu Ilisema "Picha", Ikanyamaza

Kipeperushi chetu cha kuzuia ulevi kilipendeza machoni: ini zima upande huu, lililoharibika upande ule, glasi zimepigwa mkato mwekundu. Nilimtumia mwenzetu asiyeona. Alikifungua mbele yangu, simu ikatamka neno moja, "Picha", ikanyamaza.

Tulikuwa tumeskani karatasi na kuihifadhi kama PDF, na kwa programu ya kusoma skrini karatasi ya namna hiyo haina hata herufi moja. Nikaandika upya kwa maandishi halisi, nikaweka vichwa vya sehemu ili msikilizaji aweze kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kila picha nikaipa maelezo. Siku mbili zilitosha.

Aliposikiliza toleo jipya ndipo kazi ilipoanza. Onyo letu kubwa lilikuwa "ukinywa usiendeshe", naye hajaendesha gari maishani. Yeye huvuka barabara kwa kusikiliza magari, na pombe huvuruga umakini huo pamoja na mizani ya mwili. Hayo hatukuyagusa kabisa. Tena bia ya mililita 330 yenye kilevi asilimia 5 ina takribani gramu 13 za alkoholi, lakini asilimia hiyo imechapwa kwa herufi ndogo kwenye lebo. Na anayemiminiwa na wenzake atajuaje amejaziwa mara ngapi? Yeye ndiye aliyependekeza kuweka vizibo mfukoni na kuvihesabu kwa vidole. Nikaliandika hilo kama alivyolisema.

Tulibishana kwenye ukurasa wa pombe yenye methanoli, aina ya alkoholi iliyo sumu. Nilikuwa nimechora mtu anayepapasa njia kwa fimbo nyeupe. Akauliza, "Kwa hiyo mnawatisha watu kwamba watakuwa kama mimi?" Sikuwa na jibu. Methanoli huharibu neva za macho na huweza kuua. Ukweli huo tuliubakiza, kwa kuwa kuuficha kungemdhuru mtu. Mchoro niliuondoa siku hiyohiyo, na bado unaniuma.

Nakala za nukta nundu tulichapa chache, maana wengi waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani hawazisomi. Wenye uoni hafifu tuliwachapia herufi za ukubwa wa pointi 18, nyeusi juu ya nyeupe. Iliyosambaa zaidi ni sauti, aliyoirekodi yeye mwenyewe. Mwishoni anataja namba ya kupigia ukitaka msaada wa kuacha pombe, tarakimu moja moja, anapumzika, kisha anairudia.