Somo wa Meli ya Rufiji: Nilivyojifunza Kuzamia Maji ya Baridi ya Scapa Flow

Kwa miaka sita niliongoza wageni kuzamia Mnemba, kisiwa kidogo cha Zanzibar, na nguo nzito kuliko zote niliyowahi kuivaa ni ya mpira wa milimita tatu. Nilipohamia Aberdeen, Scotland, kikazi nilifungasha miwani, mapezi na regyuleta yangu, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, nikiamini kwamba bahari ni bahari. Ilinichukua miezi minane na kosa moja lililonitia hofu kubwa kujua kwamba nilikuwa naanza upya.

Nikueleze kwanza kwa nini sikukata tamaa. Mjomba wangu ni mvuvi wa Funguni. Tangu nikiwa mdogo, kila tulipopita na ngalawa mbele ya bandari ya Unguja alininyooshea kidole: hapo ndipo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilipoipiga Pegasus ya Waingereza, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Yeye alisimuliwa na babu yake. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji, ikajificha kwenye mikoko kwa miezi, hadi tarehe 11 Julai 1915 ilipopigwa sana na nahodha wake, Max Looff, akaizamisha mwenyewe. Mizinga yake kumi ikaopolewa na kuburutwa bara na wapagazi wetu, na mmoja hadi leo uko Fort Jesus, Mombasa.

Nilipokuwa Scotland ndipo nilipogundua kwamba hadithi ya mjomba ina kipande cha pili. Wakati Vita vya Kwanza vya Dunia bado vinaendelea, Wajerumani walijenga manowari nne mpya na kuzipa majina ya zile zilizopotea: Königsberg, Emden, Karlsruhe na Nürnberg. Kwa hiyo meli yetu ya Rufiji ilikuwa na somo wake, na somo huyo alikuwa na ndugu wa tumbo moja, Karlsruhe, ambaye amelala kwenye mita kama 25 za maji katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Nilipoisoma habari hiyo sikulala usiku ule. Nilijua lazima niende.

Maji hayo yanaitwa Scapa Flow, ghuba pana iliyozungukwa na visiwa, iliyokuwa ngome ya jeshi la majini la Uingereza katika vita vyote viwili vya dunia. Kuanzia mwisho wa 1918 manowari 74 za Kijerumani ziliwekwa humo chini ya ulinzi, mabaharia wake wachache wakingoja viongozi waandike mkataba wa amani. Tarehe 21 Juni 1919, kikosi cha Waingereza kikiwa kimetoka kwenda mazoezini, Admirali Ludwig von Reuter alitoa ishara kwa bendera na taa. Alihofu meli zake zitachukuliwa. Vali zikafunguliwa, bahari ikaingia, na kufikia jioni meli 52 zilikuwa zimezama. Watoto wa shule ya Stromness, mji wa Orkney, waliokuwa wametembezwa baharini siku hiyo kwenye boti iitwayo Flying Kestrel waliona yote kwa macho yao. Wajerumani tisa waliuawa katika vurugu za siku ile. Miaka iliyofuata nyingi zikaopolewa na kuuzwa kama chuma chakavu, nyingine zikiinuliwa zikiwa juu chini. Zilizobaki kubwa ni saba.

Basi nikajiunga na wazamiaji wa mji wangu. Mwenzangu wa mbizi alikuwa mzee mmoja aliyestaafu boti za uvuvi, mtu wa maneno machache. Mbizi yetu ya kwanza ilikuwa Februari, kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji, nyuzijoto 5. Aliniuliza kama regyuleta yangu ni ya maji ya baridi. Nikamjibu kwamba imenivusha mbizi zaidi ya elfu. Hakupenda jibu langu, nami nikashuka.

Kwenye mita 18 ilianza kububujisha hewa na haikukoma. Sababu yake ni hii: hewa inapotoka kwenye mtungi wenye presha kubwa hutanuka, na ikitanuka hupoa. Mnemba, maji yakiwa nyuzijoto 27, huoni athari yoyote. Kwenye maji yanayokaribia kuganda, barafu hujijenga ndani ya vali, vali hubaki wazi, na mtungi mzima unamwagika. Sikuona chochote ila mapovu. Yule mzee alinishika bega, akanipa regyuleta yake ya akiba, akaufunga mtungi wangu, tukapanda polepole kwa hewa yake. Tulipotoka aliniambia, "Huku hakuna haraka." Nikaiweka ile regyuleta ya Mnemba kabatini nikanunua nyingine, ambayo vali yake ya kwanza imezibwa maji yasiiguse.

Kisha ikaja draisuti, suti inayouacha mwili mkavu. Ndani unavaa nguo nene za sufu, na katikati kuna hewa. Ukishuka, hewa hiyo inabanwa na suti inakukamata kama koleo, hivyo unaiongezea. Ukipanda, hewa inatanuka na lazima uitoe kwa vali ya begani. Ukisahau miguu ikawa juu ya kichwa, hewa yote hukimbilia miguuni na kukupandisha kama puto, nyayo mbele. Mnemba nilivaa mkanda wa risasi, uzito wa kunishusha, kilo 4. Huku nilihitaji 14. Nilikaa bwawani wiki nzima nikijifunza kugeuka, kujikunja na kutoa hewa mpaka mwili ukaelewa bila kufikiri.

Vilivyonishinda muda mrefu ni vidole. Glavu ni nene kama mkate, na baridi inakuja polepole hadi huhisi tena kibanio cha taa. Nilichofanya ni hiki: kila jioni nilijaza ndoo maji na barafu jikoni, nikavaa glavu, nikazamisha mikono kwa dakika kumi, kisha nikafungua na kufunga vibanio vyangu vyote nikiwa nimefumba macho. Baada ya mwezi niliweza. Kwa anayetoka pwani yetu, naamini zoezi hilo linafaa kuliko mengi utakayofundishwa darasani.

Mei nikapanda feri ya Scrabster kwenda Stromness, ikipita chini ya majabali marefu ya kisiwa cha Hoy. Asubuhi iliyofuata boti ilifunga kwenye boya la Karlsruhe. Maji nyuzijoto 8.

Nilishuka nikiifuata kamba ndani ya ukijani mzito kama kisamvu kilichotwangwa. Nilikuwa nikiona mita sita, labda saba. Kwanza sikuona meli, niliona ukuta. Karlsruhe imelala kwa ubavu wake wa kulia, kwa hiyo sitaha imesimama wima na kila kitu kilichokuwa chini ya miguu ya mabaharia sasa kiko mbele ya uso wako. Katikati kumepasuliwa na waopoaji waliofuata madini ya thamani, mabamba yamekunjika, na humo sikuingia. Nikaogelea kuelekea omo.

Hapo nikakutana na duara la nanga, mtambo wa kuvutia nanga, na mnyororo wake umelala vilevile ulivyoachwa. Viumbe weupe laini, kama maua yenye shina la nyama, wameota juu yake. Viti vya pweza wametapakaa kila mahali. Nilikaa mbele ya duara lile kwa muda, mikono nimeikunja kifuani. Mabaki haya yanalindwa kisheria tangu 2001 na haturuhusiwi kuchukua hata msumari, lakini nadhani nisingegusa hata bila sheria. Nilimfikiria babu yake mjomba akisikia mizinga ya alfajiri ile, nikawafikiria wapagazi wakiyaburuta machuma kwenye tope la Rufiji. Machozi yalinitoka ndani ya miwani. Nayasema bila haya.

Nilikuwa nimejiwekea sharti: kidole cha kwanza kikikataa kutii, narudi. Dakika ya 28 kidole gumba cha kushoto kilikataa kubonyeza kitufe cha suti. Nilimpa mwenzangu ishara, naye akageuka papo hapo bila kuuliza. Tulisimama mita 5 kwa dakika tatu tukiishika kamba, tukapanda. Kwenye boti nilipewa chai, na kikombe nilikishika kwa viganja kwa kuwa vidole havikuwa vyangu bado.

Wiki ile nilizamia mara saba. Cöln, manowari nyingine ya Kijerumani, kwenye mita 36, bado iko nzima kiasi kwamba unaweza kuisoma kuanzia omo hadi shetri. Kwenye Royal Oak, manowari ya Waingereza, hatukushuka na hakuna anayeshuka kwa starehe: ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani usiku wa tarehe 14 Oktoba 1939 pamoja na watu zaidi ya 830, na ni kaburi. Tulipopita karibu na boya lake nahodha alipunguza injini, na sote tukanyamaza.

Siku ya mwisho tulikwenda makaburi ya Lyness, kisiwani Hoy, ambako wamelala pia mabaharia wa Kijerumani. Niliyapiga picha mawe yao nikamtumia mjomba. Alinipigia simu usiku uleule.

"Wamewatunza vizuri," alisema. "Wale wa Pegasus nao wako Chapwani, unajua?"

"Najua, mjomba. Sijawahi kufika."

"Basi ukija likizo nitakupeleka kwa ngalawa. Tutangoja maji yajae."

Nimeshakata tiketi ya Desemba.