Tangi la baba mdogo lilivyorudi sawa polepole

Baba mdogo alipohamia Mbarara kikazi aliniachia nyumba ya Bugembe, hapa Jinja, Uganda, pamoja na tangi la kioo la lita 800 lenye nkejje watupu, samaki wadogo wa ziwani ambao huku hukaushwa na kuliwa. Mama anasema samaki hao wamechelewa tu kukaushwa. Maji yalikuwa maangavu, samaki wanakula vizuri, na wageni walilitazama tangi kuliko televisheni.

Vipimo vilisema mengine. pH, yaani kipimo cha asidi (chini ya 7) na alkali (juu ya 7), ilikuwa 6, ilhali hawa ni samaki wa Ziwa Victoria, waliozoea maji ya alkali. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, ilifika rangi ya mwisho kwenye karatasi ya kipimo. Muuzaji mmoja wa samaki wa mapambo akaniambia, "Toa nusu, bwana, ujaze ya bomba, kesho wamepona." Sikumsikiliza.

Kwenye maji ya asidi, karibu amonia yote hukaa katika umbo la amoniamu, lisilowadhuru samaki sana. Joto likiwa nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 kwenye pH 7, lakini kwenye pH 8 inapita asilimia 5. Ukimimina maji mengi ya bomba kwa mkupuo, pH inaruka, na amonia inayobaki inageuka sumu palepale. Watu huona samaki wamekufa siku ya kusafisha tangi wakadhani ni klorini. Wakati mwingine ni kweli, ila si kila mara.

Kilicholifikisha tangi hapo ni maji ya mvua. Baba mdogo aliyakinga kutoka kwenye bati, na alikuwa na hoja yake: hayana klorini wala bili. Lakini pia hayana kaboneti, chumvi zinazoyapa maji alkali na kuzuia pH isishuke. Bakteria wa kwenye filta wanapogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wanatoa asidi. Kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inamaliza alkali inayolingana na miligramu 7 hivi za kalsiamu kaboneti. Alkali ikiisha pH inaporomoka, na bakteria wenyewe wanazorota.

Basi nilianza na maji yaleyale ya mvua, ndoo chache kwa siku, ili amonia ipungue bila pH kupanda. Chakula nilikipunguza sana. Uchafu wa chini niliunyonya kwa mpira, na sponji ya filta niliikamulia ndani ya ndoo ya maji ya tangi, maana maji ya bomba yenye klorini yangeua bakteria wachache waliobaki.

Amonia iliposhuka ndipo nikaleta makome ya ziwani, yale yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku. Ni bei rahisi kuliko dawa zozote za dukani. Nikayaosha mpaka vumbi likaisha, nikayatia kwenye mfuko wa wavu karibu na filta, kidogo kidogo. Uzuri wake ni kwamba huyeyuka zaidi maji yakiwa na asidi, na pH ikipanda hupunguza kasi yenyewe.

Sasa nachanganya mvua na bomba. Ya bomba hulala kwenye pipa wazi, pampu ya hewa ikipuliza, hadi klorini itoke. Kila wiki napima kaboneti kabla ya pH, kwa sababu hiyo ndiyo hutangulia kupungua. Baba mdogo kapiga simu juzi, kaniuliza bili ya maji imefika ngapi.