Ushanga wa Kilo Nne

Jana asubuhi, katika karakana moja huku Njiro, Arusha, tulivunja kalibu ya plasta na kuutoa ushanga wangu wa kioo cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa ndani ya kalibu hiyo, mmoja tu, mkubwa kama boga.

Wazo lilitokana na kidani cha Farao Tutankhamun, ambaye kaburi lake liligunduliwa mwaka 1922. Katikati ya kidani hicho yumo dundu wa manjano aliyechongwa kwa kioo cha asili kutoka jangwa la Libya. Nilivutiwa kuona kioo kikikaa pamoja na dhahabu bila kuionea haya.

Kazi yenyewe huanza kwa nta: unachonga umbo, unalifunika kwa plasta iliyochanganywa na unga wa mchanga mweupe, unaiyeyusha nta itoke, kisha unajaza vipande vya kioo na kuvichoma kwa joto linalozidi nyuzi 800. Kupoza ndiko kunakochosha, maana kioo kinene kikipoa haraka hupasuka. Wa kwanza niliuharibu mwenyewe kwa kuchanganya chupa za kijani na nyeupe, ambazo hazisinyai kwa kiwango kimoja. Fundi aliutazama ule ufa, akasema, “Pole, dada, lakini nilikuambia.”

Huu wa sasa umetoka mzima. Ndani yake vimeganda viputo vidogo, na tundu la uzi linapitisha kidole gumba. Mama ameupima kwa macho, akauliza ni shingo ya nani itakayouvaa.