Siku yangu kwenye chumba cha kupimia macho

Saa 1:30 asubuhi nafungua chumba hapa Morogoro, nafuta lenzi za majaribio moja moja, nahakikisha kiti kiko mita 6 kutoka kwenye chati. Wengi hudhani kazi yetu ni kuuza fremu. Kufikia saa 4 nimeshapima wazee tisa wanaotaka miwani ya kusomea.

Saa 4:20 akaingia baba na binti yake wa darasa la tano. Mwalimu ndiye aliyewatuma: mtoto hunakili kwa jirani kwa sababu haoni ubaoni. Kwenye chati aliishia ile E kubwa ya juu, macho yote mawili. Nikamtia matone ya kulegeza jicho, maana jicho la mtoto likijikaza hutoa namba ya uongo, na matone hayo yanataka dakika kama 40. Baba hakupenda kabisa.

"Dokta, kupima miwani tu ndiyo nusu siku?"

Akawa anasimama, anatazama saa, anakwenda mlangoni, anarudi.

Jibu likatoka: hasi 3, yaani haoni mbali, kulia na kushoto. Baba akagoma. "Miwani itamlemaza macho. Mpe basi namba ndogo, aanze taratibu." Nikamweleza kwamba jicho la binti limerefuka, picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho, lenzi inaisogeza tu mpaka pale. Kumpunguzia namba hakuzuii jicho kuendelea kurefuka. Nikamwambia pia wadogo wa binti wacheze nje mchana, hata saa mbili kwa siku, kwani huchelewesha tatizo hili. Nikarudia mara ya pili. Ya tatu. Koo limekauka, foleni imefika uani, naye bado anatikisa kichwa.

Nikamvalisha yeye fremu ya majaribio, yeye anayeona mbali vizuri, nikatia lenzi za chanya 3, zinazomtia ukungu wa mbali kama wa binti yake.

"Soma chati, baba."

Kimya. Akageuka kumtafuta binti yake pale mlangoni.

"Ndivyo anavyoona huyu?"

"Karibu sana na hivyo."

Akaivua mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Chai yangu ilikuwa imeshapoa. Nikambadilishia lenzi, nikamvalisha mtoto, akateremka mstari kwa mstari karibu mpaka chini. Kisha akauliza, "Sasa naweza kurudi kukaa nyuma na rafiki yangu?"

Nikapima umbali wa mboni zake, nikaandika cheti, nikaita anayefuata.