Nilivyoandaa ardhi ya karakana yangu kwenye udongo wa mbuga

Sakafu ya karakana yangu ya kwanza hapa Shinyanga ilipasuka kabla ya kumaliza mwaka. Ufa ulipita chini ya mashine ya randa, upande mmoja ukainuka, na mbao zikaanza kutoka zimepinda. Iliniuma, maana zege lilikuwa zuri. Ubaya ulikuwa chini yake.

Nilipopata kiwanja kingine, mzee jirani alinionya: "Mwanangu, huku juu ni itogolo, lakini pale mwisho unaingia mbuga." Wasukuma wana jina la kila udongo: luseni ni kichanga cha juu mlimani, itogolo ni ule mgumu wa katikati, mbuga ni mweusi wa bondeni, unaofura ukinywa maji na kuachama nyufa wakati wa kiangazi. Nikachimba mashimo manne kwenye kona. Mbuga iliishia sentimita 70, chini yake changarawe ngumu. Nikaamua kuutoa wote, Agosti, kabla ya mvua.

Karakana ni mita 6 kwa 9. Tulipiga vigingi na kamba, tukapima kona kwa kona kimshazari hadi vipimo vyote viwili vikasoma mita 10 na sentimita 82. Shimo tulilipanua nusu mita kila upande, ili mbuga isigusane na ukingo wa zege.

Kwenye moramu, yaani udongo wa changarawe wa kujazia shimo, nilikosea hesabu. Nilipima shimo nikaagiza tripu 7 za lori la mita za ujazo 7, nikasahau kwamba moramu ikishindiliwa hunywea. Zikaishia tripu 9.

Fundi alitaka tumwage yote kwa mkupuo. "Kaka, mvua itashindilia yenyewe," akasema. Nilikataa, na hapo sikubembelezeka. Tulimwaga sentimita 15, tukanyunyiza maji, tukapitisha mashine ya kushindilia mara nne au tano, ndipo tabaka la pili. Kipimo cha maji ni kiganja chako: fumbata moramu. Ikishikana, ukiibonyeza ikavunjika vipande viwili, na mkono ukabaki mkavu, inafaa. Kona moja kijana alizidisha maji, ardhi ikawa inanesanesa kama mpira chini ya mashine. Tuliifukua, tukaianika siku mbili, tukarudia. Kila tabaka nililichoma kwa kipande cha nondo. Kilipozama kirahisi, mashine ilirudi.

Baadhi ya watu hujaza mchanga kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Kwenye mbuga mimi siwezi kuushauri: shimo linakuwa beseni, maji yanajaa mchangani na kuulowesha udongo wa pembeni.

Juu ya moramu tulipanga mawe ya sentimita 20, tukaziba mianya kwa moramu laini na kushindilia tena. Usawa tuliupima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Tukapiga dawa ya mchwa (kwa seremala hilo halina mjadala), tukatandika nailoni nzito ikipandiana sentimita 30, kisha wavu wa chuma uliokaa juu ya vipande vya zege, usilale kwenye nailoni. Nje tukachonga mteremko na mfereji wa kupeleka maji barabarani.

Kazi ya ardhi ilichukua siku 16. Zege tulilimwaga kwa siku moja.

Mvua zilipokwisha, Mei, niliweka pima maji juu ya meza ya randa. Kiputo kilikaa katikati.