Maharusi wapya, kabla hamjalipa kodi ya nyumba

Nyumba ya kupanga iangalieni mara mbili, mchana na usiku. Mchana mtaona nyufa na ukungu; usiku ndipo mtajua kelele za majirani na kama njia ina mwanga. Fungueni bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja. Maji ya bafuni yakinywea, presha ni ndogo, na asubuhi wote wawili mkiwahi kazini mtagombana bure. Flashi choo, kisha papaseni sakafu nyuma ya sinki lake: pakiwa na unyevu, huenda mpira wa kiungio umechoka. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya dari? Ulizeni inaficha nini. Mara nyingi ni paa linalovuja.

Kitanda msinunue kabla ya kupima chumba. Cha futi 5 kwa 6 kiachieni kama sentimita 60 kila upande, la sivyo mmoja atakuwa anamruka mwenzake kila usiku. (Mlango nao upimeni!) Siku ya kuhamia pigeni picha mita za maji na umeme, tarehe ionekane. Mkataba uandikwe majina yenu yote mawili.