Death Magnetic: Nyimbo Nzuri Ndani ya Sauti Iliyobanwa

Miongoni mwa mashabiki wa Metallica, bendi ya muziki wa metali ya Marekani, kuna mjadala ambao haujapoa tangu tarehe 12 Septemba 2008, siku ilipotoka albamu ya tisa ya bendi hiyo, Death Magnetic. Wapo wanaoshikilia kwamba ni kazi bora kuliko zote zilizofuata baada ya ile albamu ya mwaka 1991 yenye jina la bendi yenyewe, ambayo wengi huiita albamu nyeusi kwa sababu ya jalada lake, na wapo wanaoapa kwamba hawawezi kuisikiliza hadi mwisho bila kichwa kuwauma. Nimebishana na marafiki kuhusu albamu hii kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba pande zote mbili zinasema kweli, ila kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza. Mmoja anazungumzia jinsi nyimbo zilivyotungwa, na mwingine anazungumzia jinsi sauti ilivyofungwa kwenye diski. Tukiendelea kuyachanganya mambo hayo mawili, tutakesha.

Kwanza inafaa kukumbuka albamu hii ilitanguliwa na nini. St. Anger, iliyotoka Juni 2003, ilirekodiwa bendi ikiwa ukingoni mwa kusambaratika. Jason Newsted, aliyepiga besi kwa takriban miaka 14, alijiondoa Januari 2001. Miezi michache baadaye James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, alikwenda kutibiwa ulevi na kazi ikasimama. Na besi yote ya albamu ile ilipigwa na prodyuza wao, Bob Rock, kwa kuwa mpiga besi mpya, Robert Trujillo, alijiunga mwaka 2003, wakati kurekodi kulikuwa kumekwisha. Magitaa yalishushwa tyuni hadi chini sana, yaani nyuzi zilirekebishwa zitoe sauti nzito, na mpiga ngoma Lars Ulrich akazilegeza nyaya zinazokaa chini ya ile ngoma ndogo iliyo mbele ya mpigaji, jambo lililoifanya itoe mlio wa debe tupu kwa dakika zote 75. Zaidi ya yote, hakukuwa na solo hata moja. Kwa sisi ambao masikio yetu yalilelewa na muziki wa dansi, ambamo mwimbaji humtaja mpiga solo kwa jina katikati ya wimbo ili ajue kwamba zamu yake imefika, kumweka mpiga solo wao, Kirk Hammett, studio na kumnyima nafasi ya kulicharaza gitaa ni uamuzi ambao sijawahi kuukubali.

Kwa hiyo ilipojulikana kwamba Bob Rock ameachia kiti na kwamba prodyuza Rick Rubin ndiye atakayesimamia albamu inayofuata, matumaini yalipanda. Ushauri mkubwa wa Rubin ulikuwa kwamba wasione haya kurejea namna ya utunzi waliyokuwa nayo walipokuwa vijana katika miaka ya 1980. Walimsikiliza. Magitaa yalirudishwa kwa sehemu kubwa kwenye tyuni ya kawaida, solo zikarudi, na nyimbo zikawa tena na vyumba vingi, kila sehemu ikiwa na mwendo wake. "That Was Just Your Life" hufunguliwa na mapigo ya moyo, kisha gitaa laini linaingia likiwa na huzuni ndani yake, na bendi nzima inapoungana nalo msikilizaji anajua mara moja kwamba hawa ni watu waliokumbuka kazi yao. "All Nightmare Long" ina kasi ambayo bendi hii ilikuwa haijaigusa tangu mwaka 1988. Katika "Cyanide" besi ya Trujillo inasimama kwa miguu yake yenyewe, jambo la nadra katika historia yote ya Metallica.

Wimbo ninaoupenda kuliko wote ni "The Day That Never Comes", nao ndio unaozusha ubishi mkali zaidi kuhusu utunzi. Umewekwa nafasi ya nne kwenye albamu, na shabiki wa zamani hahitaji kuelezwa maana yake: "Fade to Black" ilikuwa ya nne mwaka 1984, "Welcome Home (Sanitarium)" ilikuwa ya nne mwaka 1986, na "One" ilikuwa ya nne mwaka 1988. Zote huanza taratibu na kumalizika kwa ghadhabu. Wanaoipinga Death Magnetic husema kwamba bendi ilikuwa inajiiga yenyewe kwa kufuata ramani iliyokwisha chorwa, na kwamba kuongeza "The Unforgiven III" juu ya zile mbili za mwaka 1991 na 1997 ni ushahidi wa kuishiwa. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Hata hivyo, sehemu ya mwisho ya "The Day That Never Comes", ambayo haina maneno na ambamo magitaa mawili yanaimba kwa pamoja kabla ya Hammett kuachiwa njia, haikunakiliwa popote. Mwendo wake unapanda hatua kwa hatua, kila kipande kikiwa na sababu ya kufuata kile kilichotangulia, na utunzi wa namna hiyo hauji kwa kukariri. Kuhusu "The Unforgiven III", ambayo huanza kwa piano na nyuzi za okestra, naiona kuwa bora kuliko ya pili, ingawa haiifikii ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Hetfield alieleza kwamba jina la albamu lilitokana na kuwafikiria wanamuziki waliokufa wakiwa bado vijana, na akamtaja Layne Staley, mwimbaji wa bendi ya Alice in Chains, aliyefariki mwaka 2002. Ikumbukwe kwamba Metallica wenyewe walimzika mpiga besi wao, Cliff Burton, baada ya ajali ya basi nchini Sweden tarehe 27 Septemba 1986. Mauti wanayoyaimba wakiwa na umri wa miaka arobaini na kitu hayawezi kuwa yaleyale waliyoyaimba wakiwa na ishirini, na sauti ya Hetfield, iliyokuwa imepoteza makali ya ujana, inanifanya niyaamini maneno hayo zaidi.

Sasa tuje kwenye sauti, ambako ndiko kwenye kidonda.

Diski ya CD huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba ambayo upande wa juu haiwezi kuzidi 32,767. Hiyo ndiyo dari, na juu ya dari hiyo hakuna kitu. Anayetaka albamu yake isikike kwa kishindo kuliko ya jirani hana njia ya kuipandisha dari, kwa hiyo huvibana vilele vya sauti na kuviinua vile vilivyokuwa chini, mpaka wimbo wote ukae karibu na kiwango cha mwisho. Kubana kwa kiasi ni sehemu ya kawaida ya kazi ya studio. Ukizidisha, vilele vya mawimbi hukatwa na kuwa bapa, na sikio hupokea mkwaruzo ambao hakuna mwanamuziki aliyeupiga. Mashindano haya yalishika kasi katika miaka ya 1990, wakati kila kampuni iliogopa kwamba wimbo wake utasikika mnyonge redioni, na Rubin mwenyewe alikuwa amekwisha kulaumiwa kwa jambo hilohilo kutokana na Californication, albamu ya bendi ya Red Hot Chili Peppers ya mwaka 1999.

Katika Death Magnetic mkwaruzo huo hauhitaji vipimo vya maabara. Weka hedifoni nzuri, nenda kwenye sehemu ya mwisho ya "The Day That Never Comes", na usisikilize magitaa, sikiliza ngoma kubwa. Kila inapopigwa pamoja na pigo zito la gitaa, ukingoni mwa sauti hutokea mpasuko mdogo mkavu, na matoazi yaliyo juu yake yanapoteza ung'avu na kuwa uvumi mmoja usiokatika. Halafu rudi mwanzo wa wimbo, kwenye gitaa laini, uone jinsi tofauti kati ya upole na ghadhabu ilivyo ndogo kuliko inavyopaswa kuwa. Wimbo uliotungwa ili upande kutoka chini hadi juu umenyang'anywa ngazi. Hilo ndilo linaloniuma, maana mwenye kudhurika hapa ni utunzi uleule ambao tunausifu.

Yote haya yangebaki kuwa manung'uniko ya wachache kama si mchezo wa video. Nyimbo za albamu zilitolewa pia kwa ajili ya Guitar Hero III, mchezo ambao mchezaji hufuatisha nyimbo kwa gitaa la bandia, na kwa kuwa mchezo huo huhitaji kila ala iwe peke yake, watengenezaji wake walipelekewa rekodi ambazo hazijapita kwenye ubanaji wa mwisho. Mashabiki walizirekodi, wakaweka picha za mawimbi ya matoleo yote mawili sambamba, na kila mtu akaona: lile la mchezo lina vilele na mabonde, lile la diski ni ukuta. Masikioni tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Ngoma zilipumua, besi ikapata umbo, na magitaa yakabaki na ukali wao bila kuumiza. Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya, yaani sauti za ala zote zipangwe na kuunganishwa tena.

Wengi walimgeukia fundi Ted Jensen wa studio ya Sterling Sound, aliyefanya hatua ya mwisho ya matayarisho, na hapo naona dhuluma ilitendeka. Jensen alimjibu shabiki mmoja kwa maandishi kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa, kwamba yeye mwenyewe asingezisukuma kiasi hicho, na kwamba hajivunii kuhusishwa na kazi hiyo. Ulrich, kwa upande wake, aliitetea sauti ile na kusema kwamba hivyo ndivyo rekodi zinavyotengenezwa mwaka 2008. Simlaumu kwa kusema wazi, kwa sababu kauli yake inaondoa uwezekano kwamba lilikuwa kosa la fundi au bahati mbaya. Ulikuwa uamuzi, na waliouamua walikuwa ndani ya chumba ambamo nyimbo zilichanganywa.

Wanaoitetea diski hujibu kwamba muziki wa metali haukukusudiwa kuwa wa starehe, na kwamba albamu iliuza takriban nakala 490,000 nchini Marekani katika siku tatu za kwanza, ikaifanya Metallica kuwa bendi ya kwanza ambayo albamu zake tano mfululizo za studio zilianzia nafasi ya kwanza nchini humo. Mauzo ya siku tatu yanaonyesha hamu ya watu kabla hawajasikiliza, kwa hiyo hayathibitishi lolote kuhusu sauti. Hoja ya ukali ni bora zaidi, lakini nayo inashindwa mbele ya Reign in Blood, albamu ya bendi ya metali ya Slayer, iliyosimamiwa na Rubin huyuhuyu mwaka 1986, ambayo ni kali kuliko chochote kilichomo humu na bado kila ala inasikika. Isitoshe, siku hizi huduma za kusikiliza muziki mtandaoni kama Spotify huzishusha zenyewe nyimbo zilizopandishwa mno ili zilingane na nyingine. Kishindo kilichotafutwa mwaka 2008 kimeondolewa, na kilichobaki ni mkwaruzo.

Nitaje na kasoro ambayo upande wetu, yaani sisi tunaozipenda nyimbo hizi, hatupendi kuisema. Albamu ni ndefu mno. Nyimbo kumi kwa karibu dakika 75 ni nyingi, ilhali ile ya Slayer niliyoitaja ina dakika 29 tu. "Suicide & Redemption", wimbo wao wa kwanza wa ala tupu katika albamu ya studio tangu mwaka 1988, una vipande viwili vitatu vya kupendeza sana vilivyozamishwa katika karibu dakika kumi za kurudiarudia. "The Judas Kiss" ingepoteza dakika mbili na kupata nguvu.

Ubishi wa sauti si mgeni kwa bendi hii. Katika ...And Justice for All ya mwaka 1988 besi ya Newsted karibu haisikiki kabisa, na albamu hiyo ilipotolewa upya mwaka 2018 mashabiki waliotarajia besi ipandishwe hawakuipata, kwa kuwa msimamo wa bendi ni kwamba albamu ni zao la wakati wake na haifai kuandikwa upya. Kwa Justice naukubali msimamo huo, kwa sababu ukavu wake umekuwa sehemu ya tabia yake na hakuna toleo jingine ambalo wahusika walilitoa wenyewe. Kwa Death Magnetic siukubali. Toleo jingine lipo, lilitoka kwa ridhaa yao wenyewe katika mwaka uleule, na waliolipata ni wachezaji wa mchezo wa video, si walionunua diski. Greg Fidelman, aliyeshiriki kuichanganya, ndiye aliyeitayarisha albamu yao ya Hardwired... to Self-Destruct ya mwaka 2016 pamoja na Hetfield na Ulrich, na ingawa nayo ina kishindo, sauti yake ni safi zaidi. Mafundi wapo, rekodi za awali zipo, na Trujillo anastahili kusikika katika "Cyanide" jinsi alivyoipiga studio.